Tunu Anamlilia Nani

Benchi letu lipo Mjimwema, Njombe, pale barabara ya vumbi inapokata kwenda kanisani. Ni ubao mmoja mnene wa paina uliopigiliwa juu ya magogo mawili, na aliyeupigilia ni Enoki, fundi seremala, ambaye kijiweni tunamwita Mbao. Mimi huuza kahawa ya tangawizi hapo kila asubuhi, mwanangu Ema akiwa mgongoni, na kwa kuwa si msemaji, wateja husahau kama nipo. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya Julai, baridi ile inayounguza majani ya viazi mpaka yanakuwa meusi. Mbao alikuwapo, ila kikombe chake alikuwa amekiweka chini bila kukigusa. Kushoto kwake alikaa Agustino, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Kulia alikaa Rabson wa bodaboda, mzaliwa wa Makete, anayevaa kaptula hata mwezi wa saba na kudai kwamba kwa mtu wa kwao, Njombe ni pwani. Huyo ndiye Kaptula. Wote watatu walikuwa wanalitazama gari jeupe lililosimama nje ya uzio wa Damiano.

Kaptula: Limekuja tena.

Redio: Mara ya ngapi hii?

Mbao: Mimi hata sihesabu.

Alikuwa anahesabu. Kila lilipokuja alilifuata kwa macho mpaka likazima injini.

Lilikuwa gari la watu wa chuo wanaochunguza mifuko ya uzazi ya ng'ombe. Katika mtaa mzima walimchagua Malkia, ng'ombe wa Damiano. Damiano na Mbao wanatenganishwa na uzio tu, lakini hawajanywa kahawa pamoja tangu Malkia aanze kuzaa kila mwaka huku Tunu, ng'ombe wa Mbao, akiwekewa mbegu na kutoshika mimba. Sasa Tunu alikuwa amekauka maziwa kabisa. Mchuuzi wa ng'ombe kutoka Makambako alikuwa njiani kuja kumchukua kwa ajili ya bucha. Idda, mke wa Mbao, aliyemlea Tunu kwa chupa tangu ndama, alikuwa amejifungia ndani toka alfajiri na hakutaka kuaga.

Kaptula: Yaani ng'ombe wa mtu anatembelewa na gari. Mimi mke wangu alipotaka kujifungua nilimbeba kwa pikipiki, tena kwenye matope.

Redio: Huo wivu, mdogo wangu.

Kaptula: Wivu wa nini? Nasema tu. Nimepaki hapa tangu kumekucha, hakuna hata mmoja wao aliyeuliza, kaka, unakwenda wapi, tukupe abiria.

Redio: Mimi yule binti wao, Jasmine, tumeshaongea. Juzi, pale uzioni.

Mbao: Uliongea naye au ulimsikiliza akiongea na Damiano?

Redio: Nilikuwa karibu sana na mazungumzo.

Kaptula alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Mbao hakucheka.

Redio: Chekeni, lakini mimi ndiye ninayejua. Ni hivi. Kila kichembe cha mwili wa ng'ombe, kiwe cha sikio, kiwe cha ulimi, kiwe cha mfuko wa uzazi, kina maelekezo yaleyale ndani yake. Ndiyo vinasaba.

Kaptula: Kwa hiyo sikio linajua kuzaa?

Redio: Maelekezo linayo. Haliyasomi. Chukua kitabu cha nyimbo cha kanisani. Kila mwanakwaya anacho, na ni kilekile. Sasa wewe Ijumaa Kuu utasimama uimbe za Krismasi?

Kaptula: Mchungaji atanitoa kwa mkono wake.

Redio: Basi mfuko wa uzazi nao una kalenda. Ng'ombe akiwa kwenye joto, anapomtaka dume, kuna nyimbo zinafunguliwa. Joto likipita, hizo zinafungwa, zinafunguliwa nyingine za kumwandalia mtoto mahali pa kukaa. Mtoto asipokuja, kitabu kinafungwa, wanaanza upya. Jasmine anaingiza kijiti kirefu chenye brashi ndogo, anachota kidogo tu, anakwenda kusoma siku ile zimeimbwa nyimbo zipi na zipi zimenyamaza. Akija siku nyingine anachota tena, analinganisha.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Redio akisema jambo likaeleweka. Hata yeye alionekana kushangaa kidogo.

Mbao: Sawa. Na kwa nini kwaya ya Damiano?

Jasmine alitoka kwa Damiano amevaa mabuti meupe na koti la bluu, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaweka kisanduku chake taratibu kama anayelaza mtoto. Tunalingana umri, mimi naye. Nilijiona nakaza kanga ya Ema mgongoni bila sababu, maana haikuwa imelegea.

Kaptula: Mimi nawaambia hakuna kusoma hapo. Wanachota ujana. Huko nje kuna akina mama matajiri wanapaka usoni vitu vya ng'ombe. Mwakani mtamwona mzungu wa miaka themanini ana mashavu kama ya Ema.

Redio: Wewe mawazo yako yanaishia kwenye mashavu. Wanarekodi zile nyimbo. Wakishazirekodi zote wanaziweka kwenye simu. Damiano atabonyeza nyota, namba fulani, alama ya reli, na ng'ombe wote wa mkoa huu wataingia kwenye joto saa moja. Atakuwa anatuuzia siku za kuzaa.

Kaptula: Na kama huna chaji?

Redio: Ng'ombe wako anasubiri umeme urudi.

Mbao: Nyinyi mnacheza. Mimi niwaambie ukweli wenyewe. Ng'ombe wangu hana tatizo. Bwana Mbegu ndiye tatizo.

Bwana Mbegu ndilo jina tulilompa mtaalamu wa uhimilishaji, anayezunguka na pikipiki yake na mtungi wa mbegu uliofungwa nyuma kwa mpira.

Mbao: Anaanzia kwa Damiano, anampa dume la maana. Akija kwangu ananipa kilichobaki chini ya mtungi. Na sasa chuo nacho kinakwenda kwa Damiano. Mnaona mnyororo huo? Wanachota nyimbo nzuri kwa Malkia, halafu zile mbovu wanazipitisha wapi? Lazima zipite mahali. Uzio wangu uko wapi? Hapo hapo.

Kaptula: Kwa hiyo Tunu amepandikizwa nyimbo mbovu kupitia uzio.

Mbao: Cheka. Kwa nini basi nilipiga mbao?

Hapo Kaptula aliacha kucheka, maana banda la Tunu si jambo la kuchekea. Ni kazi safi mno. Mwaka jana Mbao alilizungushia mbao za paina alizozilanda mwenyewe, zikabanana hivi kwamba kisu hakipiti. Mlango una kitasa. Alisema watu wana macho, na jicho la Damiano likitua juu ya ng'ombe, ng'ombe hana lake tena. Tangu siku ile hakuna mtu wa mtaani aliyemwona Tunu. Mimi nilikuwa namsikia tu, kwa sababu chumba changu kimepakana na banda. Alikuwa analia usiku, sauti ndefu, anatulia, analia tena.

Redio: Lakini sasa, Mbao, ukishamfungia hivyo, siku ya joto unaijuaje?

Mbao: Analia. Akilia namwita Bwana Mbegu.

Redio: Kila akilia?

Mbao: Ndiyo. Mpaka huyo bwana akaanza kuninunia. Nikamwambia mbele ya watu, tulipotoka ibadani, kwamba mabaki ya Damiano ampelekee mama yake.

Kaptula: Ndiyo maana simu zako hapokei.

Mbao: Asipokee. Leo namaliza habari. Tunu akiondoka, nitafuga bata.

Redio: Samahani, kaka, nikuulize. Hawa wa chuo si walianza kwako?

Mbao alikiokota kikombe chake, akakitazama, akakirudisha chini.

Kaptula: Walianza kwake? Kwake Mbao?

Redio: Mimi nilikuwa pale.

Kaptula: Karibu sana na mazungumzo.

Redio: Eeh. Yule binti alibisha hodi kwa adabu zote. Akasema, shikamoo baba, tunatafuta ng'ombe ambaye mwenyewe anajua siku zake za joto, kwa sababu sisi hesabu yetu yote inaanzia hapo. Tungependa tumwone akiwa na wenzake. Mbao akasema, ng'ombe wangu si sinema. Akafunga kitasa.

Kaptula: Ee Bwana! Kumbe gari hili umelifukuza wewe mwenyewe, halafu kila siku tunakaa hapa tunalichukia pamoja?

Mbao: Hawakubembeleza. Mtu anayekutaka anabembeleza.

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na nilimwonea huruma. Nilitamani kumjazia kikombe, lakini kilikuwa bado kimejaa.

Ndipo lori la Kenta kutoka Makambako lilipopanda mlima likitoa moshi. Lilikuwa na bodi za mbao zilizofungwa kamba, na ndani mlikuwa na ng'ombe watatu, mmoja wao dume jekundu lenye nundu. Akashuka mtu mnene mwenye fimbo na koti la mvua. Jina lake alilitaja mwenyewe kabla hajaulizwa.

Filbert: Kamwene wazee. Mimi ndiye Filbert. Nani mwenye ng'ombe?

Mbao: Mimi.

Filbert: Mlete basi, nina safari ya kurudi. Dada, nipe kahawa.

Nilimmiminia. Nilipokiinua kibuyu cha kahawa nilihisi kimekuwa chepesi. Mbao alikwenda kwake. Tulisikia kitasa kikilia, kisha kimya, kisha sauti ya Idda kutoka ndani ya nyumba ikisema maneno mafupi ya Kibena ambayo sitayaandika. Mbao akatokeza akiwa ameshika kamba.

Sijui nilitarajia nini. Labda mifupa. Lakini Tunu alikuwa ng'ombe mzuri, mweusi na mweupe, manyoya yanang'aa. Alisimama barabarani anapepesa macho kwa jua kama mtu aliyetoka kuugua. Alinusa hewa. Alinusa benchi. Alimnusa Kaptula magotini, Kaptula akarukia upande wa pili.

Filbert: Huyu ndiye mgumba?

Mbao: Ndiye.

Filbert akaanza kumzunguka na fimbo yake, na wakati huohuo lango la Damiano likafunguliwa. Damiano ana kawaida ya kumtoa Malkia kwenda kula mabua shambani watu wa chuo wanapomaliza. Yeye hakujua kilichokuwa nje. Alitoka ameshika kamba kwa mkono mmoja na mswaki kwa mwingine, akamwona Mbao, akataka kurudi ndani. Malkia hakutaka kurudi.

Malkia alimwona Tunu. Alivuta kamba ikamtoka Damiano mkononi, akaja mbio zile nzito za ng'ombe mwenye maziwa, akamnusa Tunu nyuma, kisha akampanda, miguu ya mbele juu ya kiuno, mbele ya kanisa, mbele ya kijiwe chote.

Na Tunu akasimama. Hakukwepa, hakupiga teke, hakusogeza hata kwato. Alisimama kama meza aliyoitengeneza Mbao mwenyewe. Malkia akashuka, akampanda tena. Tunu bado amesimama, na ute mwepesi unaong'aa ukawa unamning'inia nyuma. Ndani ya Kenta dume jekundu liligonga bodi kwa kichwa, kamba zikalia.

Mbao: Mtoe ng'ombe wako, Damiano! Mbele za watu!

Damiano: Nimtoeje? Wako ndiye aliyesimama!

Filbert aliirudisha fimbo kwapani.

Filbert: Huyu simpakii.

Mbao: Humpakii kwa nini? Tulikubaliana.

Filbert: Nina dume humo, mzee. Nikimpandisha huyu hivi alivyo, bodi zangu zinabaki njiani Kifumbe, na mimi nabaki nazo. Halafu mimi nachukua ng'ombe aliyeshindikana. Huyu ameshindikana nini? Ng'ombe akipandwa na mwenzake akasimama hivi, yuko kwenye joto, mtoto mdogo anaona.

Mbao: Kila siku analia, na hashiki.

Filbert: Alikuwa anakaa na nani?

Mbao: Peke yake. Nimemjengea vizuri.

Filbert alilitazama lile banda kwa mbali, mbao zilivyobanana bila upenyo. Akamaliza kahawa yake. Hakuwa anakejeli, nadhani alitaka tu kujua.

Filbert: Sasa akilia usiku, ulijuaje kwamba analilia dume, na si mwenzake?

Niliangalia benchi zima. Kaptula aliangalia magoti yake. Mbao aliangalia kamba. Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuuza kahawa pale, akaufunga bila kutoa neno. Jasmine alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari lake, na nadhani jibu alikuwa nalo.

Filbert alirudisha kikombe, akalalamikia mafuta yake yaliyoungua bure, akapanda Kenta lake. Dume jekundu lilitugeukia mpaka kona ya mwisho.

Kaptula: Mbao. Jioni hii. Joto likionekana asubuhi, anawekewa mbegu jioni. Ndivyo wanavyosema.

Mbao alitoa simu. Akapiga. Ikaita mara moja, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa haraka zaidi. Nyimbo za Tunu zilikuwa zimefunguliwa siku ile, na zisingemngoja.

Damiano alikuwa amesimama palepale, mswaki sasa ukiwa mdomoni. Simu yake ilikuwa inaonekana kwenye mfuko wa shati. Sote tulikuwa tunaijua simu ile, na sote tulijua kwamba Bwana Mbegu huipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Damiano hakuitoa. Hakuondoka pia. Alikuwa anasubiri kuombwa, na uso wake ulionyesha kwamba amesubiri muda mrefu na angeweza kuongeza.

Mbao: Ng'ombe wake anampanda wangu barabarani, halafu anasimama pale kama bwana harusi.

Alikuwa anamwambia Redio, lakini kwa sauti ya kufika mbali.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Idda alitoka amejifunga blanketi, macho mekundu. Hakutuangalia. Alikwenda moja kwa moja kwa Tunu, akaweka mkono shingoni mwake, Tunu akamlamba kiwiko.

Idda: Baba Yoeli.

Ndivyo anavyomwita mumewe. Mbao akanigeukia mimi.

Mbao: Mama Ema, kahawa ipo?

Nilikiinua kibuyu. Kikombe chake cha kwanza kilikuwa kimeshapoa pale chini, kimeingia vumbi la Kenta. Niliinamisha kibuyu mpaka mwisho, ikatoka kahawa ya kikombe kimoja, na nyuma yake machicha ya tangawizi.

Mimi: Ndiyo ya mwisho, baba.

Alikipokea. Hakunywa. Alivuka barabara nacho, taratibu, kwa sababu kilikuwa kimejaa, akawapita ng'ombe wote wawili, akakisimamisha mbele ya kifua cha Damiano.

Mbao: Kunywa.

Damiano alitoa mswaki mdomoni.

Damiano: Ina nini?

Mbao: Tangawizi.

Damiano: Na nikimaliza?

Mbao: Ukimaliza, mpigie yule mtu. Mwambie aje kwa Enoki leo jioni. Na mwambie asiniletee ma...

Aliishia hapo. Nilimwona akilimeza lile neno, likashuka kwa shida.

Mbao: Mwambie aje tu.

Damiano alikunywa kahawa yote, bila haraka, huku Mbao akimsubiri kama mtoto aliyetumwa kikombe. Kisha akafuta mdomo na kupiga simu. Ilipokelewa kabla ya mlio wa kwanza kwisha. Mbao alikunja uso kama aliyetonesha jino.

Bwana Mbegu alikuja jioni, akafanya kazi yake bila kumsalimia Mbao, lakini aliifanya. Kama Tunu ameshika, bado ni mapema kusema. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nasuuza vikombe, nilisikia nyundo. Nikachungulia. Mbao alikuwa anang'oa ubao upande wa uzio, anauvuta msumari kwa msumari ili usipasuke. Tunu alikuwa ameshatoa ulimi kwenye upenyo. Upande wa pili Damiano alikuwa amemshika Malkia kwa kamba, anatazama.

Damiano: Ongeza mmoja. Malkia ana kichwa kikubwa.

Mbao aliupima upenyo kwa kiganja. Akafikiri. Akarudisha nyundo kiunoni.

Mbao: Aingize pua tu. Kichwa abaki nacho kwao.